Kuwasha tabaini ya jotoardhi iliyopoa kabisa

Tabaini ya jotoardhi, yaani mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na mvuke wa ardhini, kama zile za megawati 15 za Olkaria, karibu na Naivasha, ambazo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1981, hupokea mvuke wa presha ya takriban baa 5 na nyuzijoto 152. Mtambo mkubwa wa makaa ya mawe hupokea mvuke wa nyuzi 540 hivi, kwa hiyo huku kazi ya kupasha moto ni fupi. Hapo ndipo injinia wa zamu hudanganyika: ufupi huo hauizuii shafti (mhimili unaozunguka) kupinda.

Anza na mafuta. Yafikishe nyuzi 35 au zaidi kabla ya kuruhusu mvuke. Yakiwa baridi huwa mazito, utando wake kwenye beringi zinazobeba shafti huyumba, nawe utaona mtetemo ambao rota (shafti pamoja na mapanga yake) haikuusababisha. Jaribu pampu ya dharura ya betri kwa kushusha presha kwenye swichi yake. Kubonyeza kitufe tu kunathibitisha mota, hakuthibitishi swichi.

Ingiza gia ya kuzungushia shafti polepole. Rota iliyolala siku kadhaa hulegea katikati kwa uzito wake, basi iache izunguke saa kadhaa, hadi kipimo cha mpindo kirudi pale kilipokuwa mtambo ulipokuwa mzima. Saa zenyewe na kasi zote zinazofuata, kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Ndipo ulete mvuke wa kuziba mianya ya shafti kwenye sili (vizibo vinavyoizunguka), kisha uvute ombwe, yaani utoe hewa, kwenye kondensa, chombo kinachogeuza mvuke uliotumika kuwa maji. Usigeuze mpangilio huu. Mvuke wa kuziba ukiikuta rota imesimama, upande mmoja hupata joto kuliko mwingine na shafti hupinda. Ombwe likitangulia, hewa baridi hunyonywa kupitia sili na kuipoza shafti mahali pabaya. Wakati huohuo vali za kutolea maji ziwe wazi kuanzia kwenye separeta (chombo kinachotenga mvuke na maji), kwa kuwa mabomba ya jotoardhi ni marefu na maji hutuama penye mabonde.

Fungua mvuke, pandisha hadi mizunguko 400 au 500 kwa dakika, kisha zima. Rota inapoendelea kwa msukumo wake, weka fimbo ya kusikilizia kwenye kila sili. Ukisikia mkwaruzo, rudi kwenye gia. Pakiwa kimya, pandisha tena, subiri kwenye kasi ya kupashia moto, na uangalie mtetemo.

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Mtetemo ukipanda polepole huku kasi haibadiliki, na bado uko chini ya kasi ya mwangwi ya rota (kasi ambayo mtetemo hukuzwa sana), shafti inagusa sili. Inapogusa hupata joto upande huo na kupindia hukohuko, hivyo inagusa kwa nguvu zaidi. Kuivuka kasi hiyo haraka ukitumaini shafti itatulia ni kuupeleka mpindo pale unapokuzwa kuliko kote. Zima, rudi kwenye gia, ngoja mpindo uishe. Mitambo mingi hulia kengele mtetemo ukifika mikroni 125 na kujizima kwenye 250, lakini usingoje kengele. Mwelekeo wa namba hukuonya mapema kuliko namba yenyewe. Mtetemo ukiwa mkali kweli, vunja ombwe ili rota isikawie kwenye kasi hiyo inaposhuka.

Mtetemo ukitulia, vuka kasi ya mwangwi bila kusita hadi mizunguko 3000 kwa dakika. Pampu ya akiba ya mafuta usiizime kabla ya ile inayoendeshwa na shafti kushika presha.

Jaribio la kasi ya kupindukia (kikomo ni kama 3300) lisifanywe rota ikiwa baridi, kwa kuwa chuma baridi hupasuka kwa urahisi zaidi. Beba mzigo mdogo saa kadhaa kwanza, ondoa mzigo, kisha jaribu.

Ukishaunganisha kwenye gridi ya hezi 50, chukua mzigo mara moja, la sivyo jenereta hugeuka mota na kinga ya nguvu ya kurudi nyuma hukukata.

Mtambo ukitulia, andika presha ya mvuke kabla ya kuingia nozeli (matundu yanayoelekeza mvuke kwenye mapanga) za hatua ya kwanza kwa mzigo huo. Miezi ikipita, presha hiyo ikipanda ilhali megawati ni zilezile, silika, madini yanayokuja na mvuke wa ardhini, imeanza kuziba nozeli.