Namna ya kumlilia Chester kama nyimbo zake ndo zilikulea

Naandika hii kwa wale waliosoma sekondari kwenye miaka ya 2001 mpaka 2008 hivi, ambao Julai ikikaribia kuna kitu kinawakaba hapa kooni na hawana pa kukipeleka, maana ukimwambia mtu nyumbani kwamba unamlilia mzungu wa Arizona aliyefariki 2017 anakugusa paji la uso aone kama una homa. Na wale wadogo wanaomgundua Chester Bennington sasa hivi, yule mwimbaji wa bendi ya rock ya Linkin Park, wamezama kwenye nyimbo zao wiki mbili nzima ndo wakafika kwenye ile habari wakaumia, hii ni yenu pia. Mimi huu msiba nimekaa nao miaka sasa, vitu vingi nilifanya sivyo, nasema vile vilivyonisaidia.

Kwanza kabisa uite msiba. Usiseme "nimeboreka tu" au "nimekumbuka enzi", sema nimefiwa. Kwetu msiba una utaratibu wake na ule utaratibu una kazi, unaenda unakaa kwenye mkeka, unasimuliwa ilikuwaje, mtu anaeleza marehemu alivyokuwa na huruma, unakula wali wa msibani na watu ambao hata huwajui, akiingia shangazi kutoka mkoani analia na nyie mnaanza tena upya, mpaka siku ya kuanua tanga. Kwa msanii wa mbali hakuna mkeka. Unapata habari kwenye simu usiku, asubuhi unadandia daladala kama kawaida na kazini hakuna anayekuambia pole. Kwa hiyo inabidi huo mkeka uutandike mwenyewe.

Mimi sikuutandika. Ilikuwa Alhamisi, Julai 20, 2017, usiku, kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma bweni moja mtu akatuma picha yake tu, haina maneno. Nikajua uzushi, si unajua watu maarufu wanavyozushiwa vifo kila wiki, nikawa nasubiri mtu akanushe, mpaka nikaona Mike Shinoda, mwenzake wa kwenye bendi, mwenyewe kaandika kwamba ni kweli. Na siku hiyohiyo walikuwa wametoa video mpya ya Talking to Myself, yaani nilikuwa nimepanga niitazame nikishakula. Miaka 41. Nikazima simu nikalala na nguo za kazini, Ijumaa nikaenda kazini, sikumwambia mtu yeyote, na nikaenda hivyohivyo karibu mwaka mzima, nikisikia gitaa la kwanza la wimbo wao popote pale natoka nje. Usifanye hivyo.

Cha kufanya, tafuta mtu mmoja aliyekuwepo. Sio shabiki yeyote wa mtandaoni, namaanisha mtu aliyekuona ukisikiliza, kaka aliyekuazima CD, deskmeti, binamu uliyelala nae chumba kimoja. Mmoja anatosha. Mpigie, usimtumie meseji, mpigie, na uanze na stori sio na kifo. Mimi nilimpigia jamaa yangu yuko Mwanza siku hizi, hatujaongea miaka minne, nikamwambia "unaikumbuka ile CD?" Akakaa kimya kidogo afu akasema "ile ya maka pen". Hapohapo nikaanza kulia, na yeye nikamsikia anavuta pumzi.

Ile CD ilikuwa ya kuchoma, kaka yake alinunua Kariakoo, juu imeandikwa kwa maka pen nyeusi LINKIN PAK, herufi R hamna. Ndani nyimbo za MP3 zimechanganywa bila mpangilio, Numb/Encore ndo ilikuwa ya kwanza na kusema ukweli wengi wetu tuliingilia mlango huo, sisi tulikuwa watoto wa hip hop, tulimfuata Jay-Z kwenye ile kazi aliyofanya na Linkin Park mwisho wa 2004 tukamkuta huyu mtu anayeimba kama koo linachanika. Rock kwetu ilikuwa muziki wa wazungu wenye nywele, tulikuwa tunaicheka. Sasa huyu anapiga kelele na ninaelewa kabisa anachopigia kelele, wakati Kiingereza chenyewe nilikuwa napata D. Tukawa na kauntabuku, baada ya prepo tunainama kwenye kideki kidogo tunarudisha sekunde tano, tunaandika, tunarudisha tena. Mashairi tuliyoandika mle nusu yake ni maneno ambayo hayapo kwenye Kiingereza kabisa, tuliandika sauti tu jinsi tulivyoisikia. Na tuliimba hivyohivyo bwenini taa zikizimwa, watu kumi na nane, kila mtu na kitu chake kifuani ambacho hakuwahi kumwambia mwenzie.

Ndo maana nasema unapomlilia Chester unamlilia na yule mtoto aliyekuwa anainama kwenye kile kideki, na yule hajawahi kuliliwa na mtu. Mpe nafasi yake. Kama una daftari la enzi hizo, barua, picha ya fomu foo, kitoe kwenye begi ukiweke mezani.

Haya, kusikiliza. Hapa watu wengi wanaumia bure kwa sababu wanaanza na One More Light, ile albamu ya mwisho iliyotoka Mei 2017, miezi miwili kabla. Usianze nayo. Anza na Hybrid Theory ya Oktoba 2000, isikilize yote kwa mpangilio wake, usiruke, afu Meteora ya 2003. Zote mbili kwa pamoja hazizidi saa moja na robo, ni kitu unachoweza kumaliza jioni moja ukiwa umekaa chini na iafoni, simu umeiweka sailenti. Sio ukiwa unafua au uko kwenye foleni, msibani watu hawaendi huku wanafua. Siku nyingine nenda Minutes to Midnight ya 2007, na kwenye Given Up usubiri ule ukelele, ule mmoja mrefu. Ni sekunde 17. Hesabu kwa vidole, mimi nilijaribu kushikilia pumzi tu, bila sauti yoyote, na sikia tu anavyofika sekunde ya kumi na bado anaenda na sauti inaanza kukwaruza na bado haachii. Mimi huwa nalilia hapo kuliko kwenye wimbo wowote wa taratibu.

Albamu zingine fuata kwa moyo wako. One More Light iache ya mwisho kabisa, na ukifika kwenye wimbo wenye jina hilo ujue kwamba hawakuuandika kwa ajili yake, waliuandika kwa ajili ya rafiki yao wa kampuni ya rekodi aliyefariki kwa kansa, na baadaye yeye mwenyewe Chester akauimba kumkumbuka rafiki yake Chris Cornell, mwimbaji wa rock kama yeye, aliyefariki Mei hiyohiyo ya 2017. Yaani unamsikia mtu yuko msibani, anamlilia mwenzie. Kujua hivyo kulinisaidia kuusikiliza bila kuutafutia maana zingine.

Maana hilo ndo shimo lenyewe. Usiingie kwenye upelelezi. Chester alijiua, hilo liko wazi, na Julai 20 ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Cornell, na alikuwa ameimba kwenye mazishi yake wiki nane tu kabla, watu wameshajenga mambo mengi sana juu ya hapo na wengine wanachambua kila mstari kama ushahidi wa polisi. Mimi nilikesha usiku kadhaa nasoma hayo, na kila nilipomaliza nilikuwa nimemjua zaidi alivyokufa na nimemsahau zaidi alivyoishi. Jinsi ilivyotokea usiitafute, picha usitazame, ukitumiwa futa.

Badala yake jifunze maisha yake, hii ndo sehemu ya mkeka ambapo mtu anaeleza marehemu alikuwa nani. Alizaliwa Machi 20, 1976, Phoenix. Wazazi waliachana akiwa na miaka 11, na alinyanyaswa kingono utotoni kwa miaka, mambo ambayo aliyasema mwenyewe hadharani wakati wanaume wengi wangeyazika. Akaingia kwenye madawa na pombe mapema. Crawling, ule wimbo ambao sisi bwenini tuliamini kabisa ni wa demu aliyemwacha, ni wa yeye kupambana na uraibu wake. Ukaja kupata Grammy. Na stori ninayoipenda kuliko zote, mwaka 1999 bado hajulikani, yuko Arizona, anatumiwa kaseti ya wale vijana wa California wanatafuta mwimbaji, ilikuwa sherehe yake ya kutimiza miaka 23, akaiacha sherehe akaenda kurekodi sauti juu ya ile kaseti. Huwa nafikiria wale wageni wamebaki na keki. Ameacha watoto sita.

Sasa kuna watu watakuambia maneno. Kuna shangazi au mchungaji au ustadhi atasema aliyejiua haliliwi. Usibishane nae, msibani hakuna mdahalo, sema tu "nilimpenda sana na imeniuma, niombeeni" ubadilishe mazungumzo. Kuna na wale wa "alikuwa na hela zote zile", hao nao waache, ila wewe mwenyewe usilisahau, ugonjwa wa akili hauulizi akaunti. Na kama huu msiba umefukua kitu cha kwako, unajikuta unafikiria kumfuata, basi hapo weka nyimbo pembeni umwambie mtu leo, leo hii, sio kesho, dada, rafiki, yeyote anayeweza kuja akakaa na wewe. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, na hospitali za mikoa unaweza kuanzia hapo wakakuelekeza, ndugu zetu wa Kenya wana 1199 ya Msalaba Mwekundu ambayo kupiga ni bure. Mwambie daktari vilevile unavyowaza, usipunguze. Mke wake Talinda baada ya msiba alianzisha 320 Changes Direction, ile 320 ni tarehe yake ya kuzaliwa, mwezi wa tatu tarehe 20, kazi yake ni kufanya watu waongee kuhusu afya ya akili bila kuona aibu. Kwa hiyo ukiongea uko ndani ya msiba bado, hujatoka.

Jipe arobaini. Siku arobaini za kuwa na ruhusa ya kulia, kusikiliza, kuongea, kuvaa ile tisheti iliyochakaa. Sio lazima zianzie Julai, zianze siku umeamua. Watu wanakimbilia kuanua tanga siku ya pili kwa sababu wanaona aibu ni msanii tu, matokeo yake linabaki limefungwa miaka.

Zikiisha, ndo utazame ile shoo ya Hollywood Bowl ya Oktoba 27, 2017. Iko YouTube bure, ni karibu masaa matatu kwa hiyo nunua bando la maana au tafuta waifai. Wenzake walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza bila yeye, waimbaji kibao wakaja kuwasaidia, Alanis Morissette yupo, wa bendi za Korn na System of a Down wapo, na Mike anaimba wimbo alioandika siku chache baada ya kifo, peke yake na kinanda. Afu inafika Numb. Hawakumpa mtu yeyote. Maiki imesimama peke yake katikati imemulikwa taa, bendi inapiga, na uwanja mzima unaimba sehemu yake mwanzo mpaka mwisho. Imba na wewe. Mimi niliimba na yale maneno yetu ya kauntabuku, yale yasiyokuwepo.

Kuhusu bendi kuendelea, najua kuna wenye hasira. Septemba 2024 walimtangaza mwimbaji mpya, Emily Armstrong, Novemba wakatoa albamu ya From Zero, na kuna watu wanaona ni usaliti. Huna wajibu wa kuisikiliza. Ila mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo mjane akimaliza eda akiolewa hakuna anayesema kamsahau marehemu, na hawa walisubiri miaka saba. Niliisikiliza mara moja jioni nikiwa tayari, nikailia kidogo, siku hizi naisikiliza tu kawaida. Wewe subiri mpaka uwe tayari, na usipokuwa tayari kamwe ni sawa pia.

Cha mwisho ni tarehe. Chagua moja ya kudumu. Wengi wanaweka Julai 20, mimi na yule jamaa wa Mwanza tulihamia Machi 20, siku ya kuzaliwa, kwa sababu Julai tulikuwa tunaharibika wote wiki nzima. Saa tatu usiku ananipigia au nampigia, tunaulizana watoto, afu kila mtu anaweka wimbo wake upande wake, tunahesabu moja mbili tatu ili uanze pamoja, mtandao haujawahi kukubali, huku kwake unachelewa nusu sekunde. Mwaka huu alimweka na binti yake kwenye simu, yuko kidato cha pili, akaniuliza, "Eti anko, hapa anasemaje?" Nikamwambia chukua daftari.