Kipandauso chenye aura: jinsi ya kukitofautisha na kiharusi

Watu wengi wenye kipandauso (migraine) wakisikia kinahusiana na kiharusi wanapaniki bure, halafu yule anayepaswa kushtuka ndo anameza Panadol analala. Kwa hiyo anza kwa kujiuliza: kabla kichwa hakijaanza kuuma huwa unaona maruweruwe au huoni? Dalili za namna hiyo za kabla ya kichwa ndo zinaitwa aura.

Kuna mtafiti anaitwa Tobias Kurth, yuko Charité, hospitali ya chuo kikuu kule Berlin, kazi yake kubwa ni kiharusi, magonjwa ya mishipa na kipandauso. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 27,840 wa Marekani, wote wafanyakazi wa afya wa miaka 45 kwenda juu, waliofuatiliwa karibu miaka 10. Wenye kipandauso chenye aura hatari yao ya kiharusi cha mshipa kuziba ilikuwa karibu mara mbili ya wasio na kipandauso, ila wenye kipandauso bila aura hatari haikupanda. Na hiyo mara mbili isikutoe roho, maana ukijumlisha kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa, ziada ilikuwa kama matukio 18 kwa wanawake 10,000 kwa mwaka. Ni kitu cha kukifanyia kazi tu.

Sasa aura yenyewe ikoje? Mara nyingi unasoma meseji, ghafla herufi mbili tatu katikati hazionekani, unapangusa kioo, wapi. Kidoa kinakua taratibu, kinazungukwa na mstari wa zigizaga unaometameta, kinasogea kuelekea pembeni, baada ya dakika 20 au 30 kimepotea na kichwa kinaanza kugonga. Wengine ni ganzi, inaanzia vidoleni, inapanda mkono mpaka mdomoni. Inatembea hivyo kwa sababu ndani ya ubongo kuna wimbi linalosambaa kama milimita 3 kwa dakika, mtafiti wa Brazil aitwaye Leão aliliona wimbi hilo kwenye ubongo wa sungura na kuliandika mwaka 1944.

Kwa hiyo dalili ikianza angalia saa. Aura inajijenga kwa dakika 5 au zaidi na kwa kawaida haizidi saa moja. Kiharusi hakina taratibu hiyo, kinakuja ghafla na kinanyang'anya: mdomo unaenda upande, mkono unaanguka, maneno hayatoki, jicho linakuwa giza bila zigizaga yoyote. Dalili za namna hiyo zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi usishangilie, nenda hospitali hivyohivyo. Nenda pia kama ndo aura yako ya kwanza na umeshapita miaka 40, au imezidi saa moja, au upande mmoja umekosa nguvu, hapo usijipime mwenyewe nyumbani.

Ukishajua una aura, kuna mambo matatu ya kushughulikia. Presha, ipime hata kama hujisikii vibaya, presha haina adabu ya kubisha hodi. Sigara, acha, hapo sina lugha ya kubembeleza. Na kina dada, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni: mwongozo wa WHO unasema mwenye kipandauso cha aura asivitumie, umri wowote, na shida ni kwamba ukienda kuvichukua unaweza usiulizwe kuhusu kichwa, kwa hiyo sema mwenyewe. Usiviache kienyeji ukapata mimba usiyoipanga, omba kubadilishiwa, kitanzi cha kopa hakina homoni kabisa, na njia zenye homoni ya projestini peke yake mara nyingi zinaruhusiwa.

Dawa za maumivu nazo, paracetamol au ibuprofen ukizitumia siku 15 kwa mwezi au zaidi, miezi inaenda, zenyewe zinaanza kukuletea kichwa. Triptani, yaani dawa maalumu za kipandauso kama sumatriptan, zinabana mishipa, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au presha iliyogoma kushuka asipewe.

Na ikitokea kweli ni kiharusi? Usimpe mgonjwa aspirini, kwa sababu bila siti skani (picha ya ubongo) hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimpe hata maji, anaweza kupaliwa. Mambo ya kumchua kwanza, sijui upepo mbaya, sijui asomewe kwanza, jamani, dua zisomwe mkiwa njiani. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na siyo kila hospitali inayo wala ina skani, kwa hiyo piga simu uulize leo iliyo karibu yenye vyote viwili ni ipi. Mkifika, swali la daktari litakuwa mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima ni saa ngapi, na kama aliamka na dalili asubuhi basi taja saa aliyoenda kulala, siyo saa mliyomkuta.