Kumwambia mkubwa wa kazi jambo zito bila kuzungusha

Kwenye mashamba ya mkonge, bandarini na viwandani hapa Tanga, hatari nyingi huonekana mapema na watu wa chini. Hazisemwi kwa sababu ya kuoneana muhali. Mkubwa ni mtu mzima, pengine ni jirani au mnaswali msikiti mmoja, basi neno linafungwa kwenye fumbo: "Mzee, ile mashine nayo imechoka jamani." Mzee anacheka, anaitikia, anapita zake. Hajaambiwa kitu. Adabu iweke kwenye salamu na kwenye sauti. Habari yenyewe iache wazi.

Tuchukue mfano wa korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge ili kupata singa, yaani nyuzi zake. Kinga ya mkanda ilifunguliwa ili singa zilizonasa zitolewe upesi, kisha haikurudishwa. Anayefanya kazi pale yuko karibu na mkanda kiasi kwamba mkono mrefu wa shati unaweza kunaswa. Kama mashine inazunguka hivyo mbele ya macho yako, hakuna cha kungoja kikao: izimwe, msimamizi aitwe papo hapo. Maelezo yanayofuata ni ya pale jambo linapojirudia, au linapohitaji uamuzi wa mkubwa.

Kabla hujamwendea, andika kwenye daftari: nini, wapi, lini, nani alikuwepo. Ulichokiona kwa macho kiwe mbali na ulichosikia. "Kinga haipo tangu Jumatatu shifti ya asubuhi" ni habari. "Fundi ni mvivu" ni hukumu, iache nyumbani. Ukiitoa tu, mazungumzo yote yatahamia kwa fundi, atetewe au alaumiwe, na kinga itabaki sakafuni. Kama ni suala la malipo, njoo na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Andika saa zako siku kwa siku, uziweke kando ya hati ya mshahara.

Anza na msimamizi wako wa karibu. Kumruka kunamfanya adui kabla hajasikia. Mruke tu ikiwa yeye mwenyewe ndiye sehemu ya tatizo.

Usimshike wakati wa kupanga watu asubuhi, wala mbele ya vijana wake, wala Ijumaa anapojiandaa kwenda kuswali. Omba muda, na utaje jambo: "Shikamoo mzee. Naomba dakika kumi leo baada ya shifti, ni kuhusu mkanda wa korona." Usipotaja, atadhani unakuja kuomba mkopo wa mshahara, na atakukwepa.

Mkishakaa, salamu zitoshe, kisha ingia. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Mzee, kinga ya mkanda haipo tangu Jumatatu. Jana saa nne asubuhi shati la kijana mmoja lilinaswa, likachanika, mkono ukapona. Naomba kinga irudishwe kabla ya shifti ya kesho, na mashine isiwashwe bila hiyo." Humo mna tukio, madhara, ombi na muda. Ombi ndilo watu wengi hulisahau, na mkubwa asiyeombwa kitu hutoa pole tu. Ukimaliza, nyamaza. Kimya kile kinatisha, na wengi hukijaza kwa "lakini si kitu kikubwa sana mzee", wakafuta kila walichosema.

Akikasirika, usipandishe sauti, wala usirudi nyuma: "Niwie radhi kama nimekuudhi mzee, lakini kinga bado haipo." Akitoa sababu, kwa mfano kwamba spea haijafika, isikilize kwa dhati, maana huenda ana habari usiyo nayo. Kisha uliza itafika lini na mashine itaendeshwaje mpaka hapo.

Siku hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi yeye peke yake: "Asante kwa muda wako. Tumekubaliana kinga irudishwe kesho kabla ya shifti." Usiuweke kwenye kundi la wafanyakazi. Huko utaonekana unamwaibisha, na atatetea heshima yake badala ya kutengeneza mashine.

Siku ikipita kimya, mkumbushe mara moja. Asipojibu, peleka barua kwa uongozi, nakala kwa mwakilishi wa usalama na tawi la chama cha wafanyakazi. Barua iwe ukurasa mmoja, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu barua isiyo na muhuri hukanushwa kirahisi. Mambo ya usalama yana pia Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, chini ya sheria ya 2003.

Hofu ya kufukuzwa ni ya kweli, hatuidharau. Sheria ya 2004 inasema kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu au inakutaka uitoe si sababu halali ya kukuachisha kazi. Ukiachishwa, una siku 30 kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Nenda wiki ya kwanza, na uchukue daftari lako, ule ujumbe wa simu na barua yenye muhuri.