Uzio wa bustani juu ya mawe ya Goma

Sisi tunaoishi juu ya mawe ya volkano tunajua: kuchimba shimo la nguzo ni kuvunja jembe bure. Mimi niliacha. Nguzo ya mkaratusi naisimamisha ndani ya bidoni kuukuu la lita 20 lililokatwa juu, najaza kokoto na mchanga, halafu napanga mawe makubwa kuizunguka mpaka isitikisike. Kutoka nguzo hadi nguzo, hatua 2. Matete nayafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, maana kamba ya katani huoza na mvua zetu hizi. Yabane sana kule chini: kifaranga anapita penye tundu la vidole vitatu, na mama yake hakubali kubaki nje.

Lengalenga (mchicha) changa nazifunika kwa neti juu ya fito za mianzi zilizopindwa, mawe yakikandamiza kingo. Chandarua chenye dawa kiacheni kitandani, si cha mboga. Na maboga yakitoa maua, funua asubuhi nyuki waingie. Mwaka mmoja nilisahau, nikavuna majani matupu.