Mnaohariri Wikipedia kwa simu, chungeni nafasi mwanzo wa mstari

Wadau wa Mwanza mnaoandika kurasa za visiwa vyetu kwenye Wikipedia ya Kiswahili, Ukerewe, Ukara, Kome na vingine, chungeni sana hii: ukiacha nafasi hata moja mwanzo wa mstari, mstari wote unageuka kiboksi chenye herufi kama za taipureta na maneno yanatoka nje ya kioo, msomaji wa kule Nansio mwenye simu ndogo anaachia hapo hapo. Inatokea sana ukikopi toka sehemu nyingine. Futa ile nafasi tu, basi.

Jedwali nalo linafunguliwa na {| mwanzo kabisa wa mstari na kufungwa na |} , sasa ukisahau kufunga, aya za chini zote zinamezwa na jedwali na watu wanadhani kuna mtu kaharibu ukurasa makusudi, kumbe ni alama mbili tu zimekosekana, inaniuma sana nikiona kazi nzuri inafutwa kwa hilo. Angalieni hakikisho, yaani ukurasa utakavyoonekana, kabla ya kuchapisha. Na hariri kipande kimoja kimoja, yaani sehemu moja ya ukurasa yenye kichwa chake, bando likikata unapoteza kidogo, halafu wawili mkiwa kwenye vipande tofauti mara nyingi mfumo unaunganisha wenyewe.