Umeombwa uchezeshe mechi ya watoto? Soma hii kabla hujashika filimbi

Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, najua inavyokuwaga. Umempeleka mtoto kiwanjani, umekaa zako chini ya mkorosho, mara kocha huyo anakuja, "mzee wangu, refa wetu kaenda Masasi, tusaidie leo tu." Unakubali, maana watoto wameshavaa jezi na wote wanakuangalia wewe. Hiyo "leo tu" kwangu imefika mwaka wa nne sasa. Kuna mambo lazima uyaweke sawa kabla mpira haujaguswa, ukiyaleta katikati ya mechi utaambiwa unabeba timu, hata kama una haki.

Filimbi nunua yako, na uwe na ya akiba mfukoni. Saa vaa mkononi, usitegemee simu, utaidondosha mchangani. Kalamu na karatasi, magoli yaandikwe palepale.

Muda mkubaliane na uheshimiwe. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba saa 12 jioni jua ndo linazama, sasa mkisema saa 10 halafu timu ngeni ikafika saa 11 mtamalizia gizani na watoto hawauoni mpira. Mimi nasema mapema kabisa, mkichelewa napunguza dakika kila kipindi, na makocha wote wawili wanaitikia nikiwa nawasikia. Na miezi ya joto, kuanzia mwezi wa kumi na moja huko, simamisha katikati ya kila kipindi wanywe maji, usisubiri mtoto aombe.

Zunguka kiwanja kizima kwa miguu. Chupa, visiki, miiba, mashimo. Halafu nenda kwenye magoli, shika mwamba uusukume kwa nguvu kabisa, sio kugusa gusa. Magoli yetu mengi ni miti au mianzi iliyochimbiwa, mvua za masika zikishapita udongo unalegea chini na juu huwezi kuona kitu. Likicheza, watafute watu walichimbie upya au toa mwamba wa juu mtumie nguzo mbili tu. Watoto wananing'inia kwenye mwamba wakifunga, hilo utalikuta kila mechi, kwahiyo waambie kabla kwamba atakayening'inia anakaa nje.

Viatu hapa pana kazi. Sheria inataka kila mchezaji awe na kiatu lakini vijijini na hata mjini nusu ya timu wanacheza peku. Kitu usikubali ni kuchanganya, huyu ana njumu na yule peku, vidole vitaumia. Ama wote wavue ama wote wavae raba. Hereni, bangili, mikufu, vyote vitolewe, kufunga plasta juu yake hakuruhusiwi. Mabinti wanaovaa hijabu wacheze na hijabu zao, sheria za mpira zimeruhusu tangu 2014, ila kagua isiwe imeshikwa na pini, pini ikichomoka ni jicho la mtu.

Vijeba, yani wachezaji waliozidi umri. Usijifanye wewe ndo mkaguzi wa umri. Waite makocha wawili, kila mmoja aangalie wachezaji wa mwenzake, wenye cheti waonyeshe, wakikubaliana mnaanza na mjadala umefungwa. Nimeona mechi imevunjika dakika ya mwisho eti yule namba tisa ana ndevu, sasa ndevu zimeota saa ngapi, kipindi cha pili?

Sheria soma, zipo 17 tu. Wazazi wengi tumebaki na mpira wa zamani. Mfano tangu 2019 goli kiki inapopigwa mpira hauhitaji kutoka nje ya boksi ndo uwe mchezoni, beki anaweza kupokea humohumo ndani, na hapo utazomewa na watu wazima walioacha kucheza miaka ishirini iliyopita. Na ofsaidi haipo kwenye mpira wa kurusha, goli kiki wala kona.

Sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote ni kichwa.

Ilikuwa mechi ya chini ya miaka 13, mwezi wa nane, kusi inavuma kutoka baharini, yani mpira wa juu ukipigwa hujui unatua wapi. Ikapigwa kona, mpira ukaenda ukarudishwa na upepo, kipa katoka, straika kijana mdogo mdogo hivi naye karuka, vichwa vikagongana. Sauti yake kama nazi mbili ukizigonga. Wote chini. Kipa akalia sana, damu puani, mimi nikamkimbilia yeye. Yule straika hakulia. Alikaa kitako, akachota mchanga akawa anaumwaga kwenye mguu wake, taratibu, anachota tena. Na mimi nikaona afadhali huyu hana shida.

Sheria inasema kipa akigongana na mchezaji hawalazimiki kutoka nje wakishatibiwa. Nilikuwa naijua hiyo, nikaichukulia kama ruhusa. Kocha anasema mwagieni maji, baba yake yuko pembeni anasema huyo mwanaume aachwe acheze, nikamuuliza "uko sawa?" akasema "niko sawa mwalimu." Nikapuliza.

Baada ya dakika chache tuko katikati ya uwanja, mpira uko mbali, akanifuata akaniuliza kwa adabu kabisa, "mwalimu, sisi tunafunga goli lipi?" Nikamnyooshea kidole. Mpaka leo hicho kidole kinanisumbua. Mtoto amecheza nusu saa nzima kuelekea upande mmoja, ananiuliza goli lake liko wapi, na mimi namwelekeza kama mgeni aliyepotea njia halafu naendelea na mechi. Hazikupita dakika tano akakaa chini akatapika.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mama yake kamlaza mapajani, kamfunika kanga. Njia nzima anauliza "tumeshinda?" Mama anamwambia bado mwanangu, anatulia kidogo, anauliza tena kwa sauti ileile, "tumeshinda?" Wakamlaza, wakamwangalia, akapona alhamdulillah, na anacheza mpaka leo. Lakini ingeweza kuwa vingine na mwenye filimbi nilikuwa mimi.

Kwahiyo sasa kabla ya kila mechi nawaita makocha na wazazi walio karibu nasema neno hili kwa sauti: mtoto atakayegongwa kichwa ametoka, na leo harudi. Hata akisema yuko sawa. Mtoto wa miaka 12 anayetaka kucheza atakwambia yuko sawa hata mguu ukiwa umevunjika, usimuulize hilo swali. Muulize tunacheza na nani, nani kafunga la mwisho, hapa ni wapi. Na akijibu vizuri vilevile harudi, maswali ni ya kujua kama aende hospitali sasa hivi. Sio lazima azimie, wengi hawazimii. Angalia anayeshangaa shangaa, anayeyumba, anayesema kichwa kinauma au taa zinamchoma macho, anayesinzia. Dalili nyingine zinakuja baada ya masaa, tena akiwa nyumbani, kwahiyo mama yake aambiwe, sio tu kaka yake mdogo aliyekuja naye. Akitapika au akizidi kusinzia ni hospitali hapohapo, hata kama usiku.

Ili kocha asilalamike amepungukiwa mtu, mkubaliane kwamba sabu ni huru, watoto wanaingia na kutoka. Hata kwa wakubwa, tangu Julai 2024 sheria zinaruhusu mashindano kuweka sabu ya aliyeumia kichwa ambayo haihesabiwi kwenye zile za kawaida. Ukilisema kabla ya mechi hata baba mkali atanyamaza, si alikuwepo na alisikia.

Mengine haraka haraka. Mtoto wako akiwa anacheza kaa pembeni, mwombe mzazi mwingine achezeshe, usijaribu kujipima. Usipokee kitu kutoka upande mmoja, hata soda, labda zije za pande zote. Namba ya bajaji moja ya karibu iwe kwenye simu kabla hamjaanza, na ujue zahanati gani inafungua jioni. Radi ikisikika wote nje, ingieni ndani ya jengo, sio chini ya mkorosho wala mnazi, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukikosea kubali, mwambie mtoto nimekosea. Mzazi akitukana, simamisha mpira, kocha wake akaongee naye, usibishane naye mbele ya watoto. Na mechi ikiisha usiwahi kuondoka, hesabu watoto, angalia nani kachukuliwa na nani bado, wa kuvuka barabara kubwa vusha mwenyewe, bodaboda za jioni zinazorudi mjini hazipunguzi mwendo.