Kliniki ya sheria mtaani: anzeni na meza ya mapokezi

Wanaoandaa kliniki ya sheria mtaani, yaani siku ya kuwapa wakazi ushauri wa kisheria bure, kwa kawaida huanza kwa kusaka mawakili wa kujitolea. Lakini kinachoikwamisha kliniki ni meza ya mapokezi. Wakili awe hodari vipi, akiletewa mtu ambaye barua aliyopewa kaiacha nyumbani, tarehe ya kesi haikumbuki, na mwenye nyumba anayemlalamikia alishashauriwa asubuhi hiyohiyo kwenye meza ileile, hana la kumfanyia.

Jambo la kuangalia mapema ni nani anaruhusiwa kutoa ushauri. Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka watoa huduma na wasaidizi wa kisheria wasajiliwe; Kenya ina sheria yake ya 2016. Popote mlipo, ulizeni chama cha mawakili kabla ya kubandika bango la kwanza.

Chagueni mtaa mmoja, msijitwike jiji zima. Ukumbi ufikike kwa miguu, uwe wa chini usio na ngazi, na usiwe ndani ya ofisi ambayo watu wa pale wana kesi nayo. Mwaka 1970 huko North Kensington, London, kituo cha sheria cha mtaa kilifunguliwa ndani ya lililokuwa duka la nyama. Mlango wa duka haumtishi mtu. Siku nayo isiyumbe: mkisema Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu hadi saa saba, iwe hivyo mwaka mzima.

Bango lisiandikwe tu "Msaada wa kisheria". Aliyepewa notisi ya kuhama hajioni ana tatizo la kisheria, anajiona ana tatizo la nyumba. Andikeni: "Umepewa notisi ya kuhama? Hujalipwa mshahara? Mnagombea mirathi? Njoo na karatasi zote ulizonazo." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Chini yake tajeni mkataba, risiti, wito wa mahakama na jumbe za simu, ambazo watu huzifuta kwa hasira.

Hesabu ya siku ni hii. Mawakili watatu, saa nne. Mazungumzo dakika 30, kisha dakika 10 za kuandika ushauri na kuusoma kwa sauti mbele ya mteja. Kila mtu anachukua dakika 40, kwa hiyo wakili mmoja anamaliza watu 6, na watatu wanamaliza 18. Gaweni namba za foleni 16. Mbili zibaki kwa wa dharura. Aliyekosa namba asikalishwe hadi saa saba ndipo aambiwe muda umekwisha. Mapokezi wamchukulie maelezo, waangalie kama ana tarehe inayomkaribia, na kama hana wampe namba ya kwanza ya kliniki ijayo.

Meza za mawakili ziwe kama mita nne kutoka kwenye viti vya kungojea, na kiti cha mteja kiwape mgongo wanaongoja. Redio ya sauti ya chini ikiwekwa katikati inafunika maneno kuliko pazia. Mtaani watu wanajuana. Mama aliyekuja kuuliza habari za talaka akihisi jirani anamsikia, atauliza habari za risiti na kwenda zake.

Maswali ya mapokezi na mpangilio wake

Swali la kwanza ni jina. La pili, kabla mtu hajafungua kisa chake: unagombana na nani? Jina hilo litafutwe papo hapo kwenye daftari la wateja. Mpangaji na mwenye nyumba huja siku moja, wakati mwingine wakipishana mlangoni, na wakili aliyekwisha kusikia siri za mmoja hawezi kumshauri mwingine. Ikiwa upande wa pili umeshahudumiwa, huyu aelekezwe kwenye kliniki nyingine mliyokubaliana nayo kupokeleana wateja, bila kuambiwa sababu. Hata kusema "mwenzako alikuja" ni kutoa siri.

La tatu ni tarehe. Barua ilikufikia lini? Kesi inatajwa lini? Hukumu ilisomwa lini? Muda wa kujibu madai au kukata rufaa unahesabiwa kwa siku, na siku hizo haziingojei Jumamosi yenu. Tundikeni kalenda kubwa nyuma ya meza, mhesabu kwa kidole mteja akiangalia. Mwenye tarehe ndani ya siku 14 fomu yake ipigwe alama nyekundu na aruke foleni. Kosa linalojirudia hapa ni la mpokezi kuandika tarehe iliyo juu ya barua na kuacha siku mteja alipoipokea. Andikeni zote mbili. Wakili ndiye ataamua ipi inahesabiwa.

La nne ni simu, na halitoshi kuandika namba tu. Nani mwingine huishika simu hii? Tukipiga tujitambulishe vipi? Kwa mtu anayeishi na anayempa kipigo, ujumbe mmoja wenye neno "wakili" unaweza kumletea balaa. Mtu wa namna hiyo hapelekwi kwenye usuluhishi hata kama ndugu wanang'ang'ania. Apelekwe moja kwa moja kwa wakili. Namba za polisi, hospitali na nyumba salama ziwe mezani, na mtu azijaribu kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu orodha za namba huoza haraka sana.

Nyaraka halisi hazibaki kwenu hata kwa usiku mmoja. Zisomwe, zinakiliwe, zirudi mkononi mwa mwenyewe akiwa bado amekaa. Msizipige picha kwa simu binafsi za wanaojitolea, ambazo kesho zitachezewa na watoto wao.

Karatasi anayoondoka nayo mteja

Tumieni daftari la kaboni: nakala ya juu ya mteja, ya chini yenu. Ushauri wa aina ya "fuatilia suala lako mahakamani" haumsaidii mtu. Unaomsaidia unasomeka hivi: "Jumatatu asubuhi nenda masjala ya mahakama na wito huu. Wasilisha majibu ya madai tuliyoandika leo. Siku ya mwisho ni tarehe 18. Dai nakala yako iliyogongwa muhuri, uitunze." Hatua zisizidi tatu. Mwambieni mteja awaeleze kwa maneno yake atafanya nini Jumatatu. Akibabaika, lawama ni ya karatasi, iandikwe upya.

Juu ya karatasi hiyo, kwa herufi kubwa: "Tumekushauri leo. Hatukuwakilishi mahakamani." Sentensi hii isomwe kwa sauti. Bila hivyo mtu huenda nyumbani akiamini sasa ana wakili, haendi mahakamani siku ya kesi, na hukumu inatolewa ya upande mmoja. Hapo mmemwacha pabaya kuliko mlipomkuta.

Wasaidizi wa kisheria wasio mawakili wanaweza kupokea, kueleza utaratibu, kusaidia kujaza fomu na kumsindikiza mtu masjala. Wasitabiri matokeo. "Hii kesi unashinda" ni neno tamu lenye madhara.

Somo la wanaongoja

Elimu haihitaji semina. Dakika 20 kabla meza hazijafunguka, mada moja, karatasi moja mkononi mwa kila mtu. Mkifundisha kodi ya nyumba, gaweni risiti mliyotunga yenye kasoro: ina kiasi na sahihi, lakini haina tarehe, haitaji kodi ni ya mwezi gani wala chumba kipi. Ulizeni: mwenye nyumba akikana, risiti hii itakutetea? Waachieni waitafute kasoro wenyewe. Watabishana, na ubishi huo ndio somo. Kusoma vifungu vya sheria mbele ya watu wanaongoja namba ni kuwalaza.

Atatokea mwenye "rafiki yangu" aliyefukuzwa kazi. Jibuni kwa ujumla, kisha rafiki huyo apewe namba. Msimruhusu mtu aanike kesi yake hadharani, maana mpinzani wake anaweza kuwa ameketi safu ya nyuma.

Palipo na foleni ya bure hazichelewi kuzuka namba za kuuzwa. Andikeni nambari kwa mkono na kuziwekea sahihi asubuhi hiyohiyo, na bango mlangoni liseme huduma ni bure na litoe simu ya kupiga mtu akidaiwa hela. Mwanasiasa anayetaka kufadhili viti aombwe asubiri uchaguzi upite.

Baada ya siku saba mpigieni kila mwenye alama nyekundu, kwa namna aliyoelekeza. Swali ni moja: ulifika masjala? Andikeni jibu kando ya jina lake. Wakiwa wengi hawakufika, waulizeni kilichowazuia: nauli, kazi, au karatasi hawakuielewa. Kilichotajwa mara nyingi ndicho cha kurekebisha kabla ya Jumamosi ijayo.